Dijei, Hapa Anaota au Yuko Macho?

Swali hilo hurushwa mapema, kabla kijana wa kwenye filamu hajazoea hata kazi yake mpya, na halikomi mpaka taa ziwashwe. Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, hulileta kwa kelele. Tukuyu, ambako mvua ikigonga bati inabidi nipandishe spika, watu hunong'onezana kwanza, kisha mmoja anatumwa kuniuliza. Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, vya huku Nyanda za Juu Kusini: nakaa pembeni ya skrini na maiki, wanayosema waigizaji nayasema kwa Kiswahili, na panapohitaji maelezo naeleza. Kwa filamu ya The Science of Sleep nimeamua kutolijibu swali hilo, na nataka kueleza sababu, maana wapo wanaodhani nafanya uvivu.

Filamu ni ya mwaka 2006, ya Mfaransa Michel Gondry, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza ambayo hadithi yake aliiandika peke yake. Gael García Bernal ni Stéphane. Baba yake amefariki Mexico, naye anarudi Paris kwenye chumba alicholala utotoni. Mama yake kamwambia kuna kazi ya ubunifu inamsubiri, kumbe ni kubandika maandishi kwenye kalenda. Jirani yake ni Stéphanie, anayechezwa na Charlotte Gainsbourg, msichana mwenye mikono ya kutengeneza vitu. Usingizini Stéphane ana kituo chake cha televisheni: kamera za maboksi, kuta za trei za mayai, na sufuria ambamo anawapikia watazamaji ndoto, mawazo ya ovyoovyo yakichanganywa na mambo ya siku hiyo na kumbukumbu za zamani.

Sasa, mtazamaji wa kibandani si mgeni wa ndoto za kwenye muvi. Picha ikififia na muziki ukabadilika anajua, na steringi, yaani mhusika mkuu, akikurupuka kitandani jasho likimtoka, basi yaliyopita yalikuwa ndoto. Gondry anakupa alama, tena iliyo wazi kabisa, halafu anakunyang'anya. Mwanzoni maboksi, nyuzi na vitambaa vinavyojongea vyenyewe vinaonekana usingizini tu. Ndani ya dakika chache kibanda kizima kimeshajifunza: ukiona boksi, anaota. Kisha Stéphane anaingia chumbani kwa Stéphanie, wote wawili wako macho, wanapanga kuitafutia mashua ya kitambaa iliyobeba msitu bahari yake. Anafungua bomba. Maji yanayotoka ni vipande vya karatasi ya plastiki inayong'aa, kama ile ya kufungia maua ya harusi, vinachakarika kwenye sinki. Wanatafuta sauti sahihi kwenye piano, wakiipata pamba zinabaki zinaelea hewani kama mawingu.

Hapo ndipo kibanda hulipuka. Mmoja anasema, "Kalogwa huyo." Mwingine anabisha kwamba wote wawili wanaota ndoto moja. Wa nyuma anadai tumerukishwa kipande. Kijana wa bodaboda aliyekuwa kimya tangu mwanzo akasema, "Wanapendana, basi, ndiyo maana na yeye anayaona." Ningewahi kutamka kwenye maiki kwamba hapa wako macho ila wanacheza, ningekuwa nimeyaua majibu hayo yote, na la yule kijana ndilo bora kuliko lolote ninaloweza kutoa mimi.

Kinachosaidia watu wayaamini maji yale ni namna yalivyopatikana. Kitu chenyewe kinawekwa mbele ya kamera, kinapigwa picha moja, kinasogezwa kidogo, kinapigwa tena. Sinema ni picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo hata kijito cha sekunde chache ni kazi ya mikono mingi sana. Ule mwendo wa kudundadunda unabaki, na Gondry hakuuficha. Watoto wanaojiundia magari ya waya na maboksi huku Uyole hawaulizi chochote kwenye kipande hicho. Wanasogea mbele tu kuangalia vizuri.

Kipande ambacho hakijawahi kuniletea swali kokote ni cha theluji. Stéphane anaota yuko kwenye baridi kali, anaamka na kukuta miguu yake imo ndani ya friza. Mwezi wa saba Mbeya, watu wakiwa na makoti na mashuka mabegani, kibanda kizima hucheka kwa pamoja. "Nikifunukwa na blanketi naota navuka mto," alisema mmoja. Ndivyo hasa ilivyo. Tangu mwaka 1953, watafiti Aserinsky na Kleitman wa Chicago walipoandika kuhusu usingizi ule ambao macho huchezacheza chini ya kope, wataalamu wamechunguza sana mambo haya, na inajulikana kuwa sauti, maji au baridi inayomgusa aliyelala inaweza kupenya mpaka ndani ya ndoto. Friza ile si kituko cha kubuni tu.

Ila maoni yaliyonibadilishia kabisa namna ninavyoitafsiri filamu hii yalitoka kwa mama lishe mmoja wa Tukuyu. Wanaume walikuwa wameshamhukumu Stéphane kwamba ni mtu wa ndoto za Alinacha, hana kazi ya maana, hana mpango. Mama akasema, "Huyu hajamaliza msiba wa baba yake. Mmemuona wapi akilia?" Tangu siku hiyo kila baba yake anapotajwa napunguza mwendo, naacha sekunde mbili bila neno.

Msiba huo haumsafishi, na hapa ndipo kibanda hugawanyika vibaya. Stéphane anaingia chumbani kwa Stéphanie bila ruhusa, anachukua farasi wake wa kitambaa ili amtie mashine atembee, na anafumaniwa. Vijana wengi hupiga makofi: zawadi hiyo! Wanawake huguna. Mimi niko upande wa wanawake, na silifichi hilo kwenye sauti. Kwenye kibanda jike la steringi huwa linapewa kisauti chembamba cha kubembeleza. Stéphanie nampa sauti nzito, ya mtu mzima anayeulizia mlango wake, kwa sababu katika hadithi nzima yeye ndiye anayelipia ndoto za mwenzake akiwa macho. Hata ile barua Stéphane aliyoiandika akiwa kwenye mang'amung'amu na kuisukuma chini ya mlango, akiomba namba ya simu ya rafiki wa Stéphanie, ilisomwa na mtu aliyeamka kabisa, na iliumiza.

Mwisho Stéphane anapitiwa na usingizi kitandani kwa Stéphanie, naye anamshika nywele, kisha tunawaona juu ya farasi wakielekea kwenye ile mashua. "Wameoana?" huuliza mtu kila mara, na wapo waliowahi kudai kiingilio chao. Natafsiri yaliyosemwa, nazima maiki, nawaacha wabishane mpaka mwenye kibanda aanze kukusanya mabenchi.