Saa ya Mjerumani, jamani, tupumzike

Juzi mhadhiri kijana alikuja kuniaga. Anakwenda Bayreuth, Ujerumani, kufundisha Kiswahili muhula mmoja. "Shikamoo, Mwalimu," kisha akapandisha mkono wa shati nione saa mpya. "Kule si dakika moja tu ukichelewa umekwisha?" Kila ninayemsaidia kujiandaa na safari hiyo huniletea wimbo huohuo.

Dhana: Ujerumani kila kitu kinakwenda kwa saa.

Tuanze na reli. Mwaka 2024, katika treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika lao la reli, zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5. Na "kwa wakati" hapo ni kuchelewa kusikofika dakika sita; treni iliyofutwa kabisa haimo hata kwenye hesabu. Ukibadilishia treni Nürnberg, jiachie nafasi. Tiketi usiitupe: ukichelewa kufika kwa saa nzima unadai robo ya nauli, kwa saa mbili unadai nusu.

Twende chuoni. Ratiba inasema 10 c.t. Kijana wangu na saa yake saa nne kamili atakuwa ameshaandika tarehe ubaoni, darasa tupu. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kilatini, cum tempore: kipindi kinaanza saa nne na robo. Ingeandikwa s.t., hapo ndipo saa nne kamili. Robo saa hiyo ni desturi ya chuo, hakuna aliyechelewa, kwa hiyo usiwanunie wanafunzi.

Iliyoniponza mimi ni nyingine. Katibu wa idara aliniambia profesa ananisubiri "halb zehn". Kwa Kijerumani changu cha kuokoteza, halb nusu, zehn kumi: kumi na nusu, yaani saa nne na nusu yetu. Nikatokea na tabasamu na pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro. Mwenyewe alishaondoka. Kumbe nusu yao ni ya kuiendea kumi, si ya kuipita. Halb zehn ni saa tatu na nusu ya asubuhi. Mswahili tayari anatoa sita kichwani kila akisomewa saa ya kizungu. Mwongezee nusu inayorudi nyuma, lazima apotee.

Ukali wenyewe uko kwenye karatasi. Ukihamia kwenye nyumba una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya mji, na hawakuandikishi bila hati ya mwenye nyumba yenye saini yake. Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka mnichoke: kabla ya saa, nunua faili la plastiki. Barua ya mwaliko, mkataba wa nyumba, bima, vyote vichapwe, nakala mbilimbili. Usitegemee kumwonyesha karani simu.

Dhana: Kiingereza kinatosha. Idarani, ndiyo. Dirishani kwa karani, usikitegemee. Mwombe mwanafunzi wako mmoja akusindikize. Naye atapata cha kuzungumza Kiswahili njia nzima.

Dhana: Wajerumani hawasalimiani. Kaa chumba cha kusubiri kwa daktari uone. Anayeingia husalimu wote, anayetoka huaga wote, na asiye na adabu mle utakuwa wewe uliyenyamaza. Bayreuth iko jimbo la Bavaria, basi sema Grüß Gott. Habari za nyumbani, za watoto na za kazi usizingoje.

Dhana: chuo ni bure. Vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, lakini jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linatoza wanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Na kula na kulala ni juu yako popote. Hili wewe mhadhiri halikuhusu, kamwambie mpwa wako.

Dhana: tunakwenda kuwafungulia njia ya Kiswahili. Taratibu. Berlin ilianzisha seminari yake ya lugha za Mashariki mwaka 1887, Kiswahili kikiwemo, na haikupita miaka mingi wakaitwa walimu kutoka pwani yetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda kufundisha huko mwaka 1900.