Eliot Spitzer: gavana aliyeangushwa na miamala yake ya benki

Eliot Spitzer, gavana wa New York, alijiuzulu Machi 2008, na wengi wanakumbuka tu habari kwamba alinunua huduma za makahaba. Sisi tunaofanya kazi ya kudhibiti fedha haramu tunakumbuka zaidi mahali uchunguzi ulipoanzia: benki.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 inazitaka benki ziripoti serikalini muamala wa fedha taslimu unaozidi dola 10,000. Ipo pia ripoti ya muamala wenye shaka, nayo ina makali zaidi. Ofisa wa benki akiona malipo yanakatwakatwa, au yanakwenda kwa kampuni isiyoeleweka inafanya biashara gani, huandika taarifa, na haruhusiwi kumdokezea mteja. Kukatakata fedha taslimu kwa makusudi ili zisiripotiwe ni kosa, hata kama fedha zenyewe ni halali kabisa. Mteja akiwa kiongozi wa umma, jicho huwa kali zaidi kwa sababu ya hatari ya rushwa. Na rushwa ndiyo wakaguzi wa kodi walioishuku mwanzoni walipoona malipo ya Spitzer. Walipoyafuata, wakafika kwa Emperors Club VIP, mtandao wa ukahaba. Katika hati ya mahakama alitajwa kama "Mteja 9".

Mtu huyu aliijua kazi hiyo kuliko wengi. Akiwa mwanasheria mkuu wa jimbo, kuanzia 1999 hadi 2006, alifufua sheria ya jimbo ya mwaka 1921 dhidi ya ulaghai katika uuzaji wa hisa, iitwayo Martin Act, akawabana vigogo wa Wall Street, kitovu cha biashara ya fedha cha Marekani. Mwaka 2002 kampuni ya uwekezaji ya Merrill Lynch ilikubali kulipa dola milioni 100, kwa kuwa wachambuzi wake walisifia hadharani hisa walizozidharau kwenye barua pepe zao. Mwaka uliofuata yeye na wasimamizi wenzake wakafikia makubaliano ya takriban dola bilioni 1.4 na kampuni kubwa za uwekezaji. Wananchi walimlipa kwa karibu asilimia 69 ya kura za ugavana mwaka 2006. Mwaka 2007 alisaini sheria iliyoongeza adhabu kwa wanunuzi wa ngono. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Habari ilichapishwa Machi 10, siku mbili baadaye akatangaza kujiuzulu, na Machi 17 naibu wake, David Paterson, akaapishwa. Novemba mwaka huo waendesha mashitaka walisema hawatamshitaki. Hawakupata ushahidi kwamba alitumia fedha za umma wala za kampeni.

Kazi moja aliiacha njiani. Mwaka 2005 alitaka benki kubwa zionyeshe kama mikopo yao ya nyumba iliwabagua watu kwa rangi, benki zikaenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua Juni 2009 kwamba majimbo yana haki ya kuzishitaki benki hizo kwa kuvunja sheria za majimbo hayo. Kufikia hapo kesi ilibeba jina la mrithi wake ofisini, Andrew Cuomo, ambaye naye alikuja kuwa gavana, akajiuzulu Agosti 2021 kufuatia ripoti ya unyanyasaji wa kingono iliyotolewa na ofisi ileile ya mwanasheria mkuu.