Je, wajua kwa nini mchele uliofungashwa Dar es Salaam unaweza kutozwa ushuru Namanga?

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005, na bidhaa za nchi wanachama huvuka mpaka bila ushuru wa forodha. Hata hivyo, lori la mchele kutoka Dar es Salaam linaweza kufika Namanga likadaiwa ushuru kamili, sawa na mzigo ulioshushwa melini.

Forodha haiulizi mchele umenunuliwa wapi, inauliza umevunwa wapi. Wa Kyela ni wa Jumuiya. Wa Pakistan hata ukichambuliwa upya na kutiwa kwenye mifuko ya kilo 5 yenye nembo ya Kitanzania, unabaki wa Pakistan. Kanuni za uasili, yaani zinazoamua bidhaa ni ya nchi gani, zinasema wazi: kufungasha, kuchambua au kubandika lebo hakubadili asili.

Bidhaa za kiwandani ndizo huwakwamisha wengi. Zinapopimwa kwa thamani, malighafi ya nje isizidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani. Katoni ya shilingi 20,000 yenye malighafi ya nje ya shilingi 13,000 iko asilimia 65, inapita. Shilingi ikishuka dhidi ya dola, malighafi ileile ikagharimu 14,500, sasa ni asilimia 72.5. Katoni imepoteza uasili na kiwandani hakuna kilichobadilika! Kwa hiyo hesabu hii irudiwe kila unapoagiza malighafi, na ankara zake zitunzwe, maana forodha inaweza kuja kukagua mzigo ukiwa umeshauzwa.

Kabla ya yote, jua msimbo wa HS wa bidhaa yako, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, kwa sababu kanuni ya uasili hufuata msimbo: mpunga ni 1006.10, mchele uliokobolewa 1006.30. Kisha omba cheti cha uasili kabla lori halijapakiwa. Mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti kilichorahisishwa hapohapo mpakani. Mazao yanahitaji pia cheti cha afya ya mimea.

Idadi ya mifuko na uzito vilingane kwenye ankara, orodha ya mzigo na cheti. Ankara ikisema mifuko 400 na cheti 380, lori litalala mpakani.

Mnunuzi wa upande wa pili naye aambiwe mapema kwamba cheti huondoa ushuru wa forodha tu. Bidhaa inayotozwa VAT nchini kwake, atailipia.