Kitenzi "get": angalia kinachokifuata

Karibu kila mwanafunzi anayekuja darasani kwangu ana tafsiri moja aliyotoka nayo shuleni: "get" ni kupata. Na kweli, "she got a job" ni amepata kazi, hakuna ubishi. Shida inaanza akikutana na "it's getting dark", maana hapo hakuna anayepata chochote. Giza linaingia, basi.

Huwa siwapi orodha ya maana. Kamusi kubwa za Kiingereza zinazo kwa makumi, na sijaona mtu aliyezikariri zikamfaa. Ninawaambia waangalie neno linalofuata, kwa sababu "get" chenyewe ni kitenzi chepesi: kazi yake kubwa ni kuonyesha kwamba hali imebadilika. Kikifuatwa na jina la kitu, mara nyingi ni kupata, kupokea au kuleta. Kikifuatwa na sifa, Kiswahili kwa kawaida kina kitenzi kamili: "get tired" ni kuchoka, "get old" ni kuzeeka, "get angry" ni kukasirika. Kikifuatwa na mahali, ni kufika: "we got to Mombasa at six", tulifika Mombasa saa kumi na mbili. (Hiyo saa nayo ni mtego wake, tuiache kwa leo.)

Kuna mahali lugha hizi mbili zinakutana vizuri ajabu. "I got to see him" ni nilipata kumwona, neno kwa neno. Lakini ongeza kipande kidogo, "I've got to see him", na maana inageuka: sina budi kumwona, lazima nimwone. Kwenye mazungumzo ya haraka hicho kipande humezwa, ukasikia "I gotta see him", na asiyejua atadhani mtu anasimulia yaliyopita.

Sehemu inayowasumbua hata wanaoongea Kiingereza kila siku ni huduma tunazofanyiwa. Sisi mtu akitoka kwa kinyozi anasema "nimenyoa", na hakuna anayemuuliza wembe kaushika nani. Akilihamisha hilo kwenda Kiingereza, "I cut my hair", Mwingereza anaelewa kwamba amejikata mwenyewe mbele ya kioo. Anachotakiwa kusema ni "I got my hair cut". Vivyo hivyo kwa fundi simu: "I got my phone fixed". Ukimtaja aliyefanya kazi, usisahau "to": "I got him to fix it". Kwa "make" hiyo "to" haipo, "I made him fix it", ila hapo umemlazimisha. Kwa "get" pengine umembembeleza tu, au umemlipa.

Kisha kuna kutendwa. "The window was broken" inaweza kuwa dirisha lilivunjwa, au lilikuwa limevunjika tangu zamani. "The window got broken" haina utata huo: kuna tukio lililotokea. Ndiyo maana watu wakisimulia mikasa kwa mazungumzo ya kawaida hutumia sana "got": "he got fired", "they got robbed".

Na "gotten"? Walimu wetu wengi, waliolelewa na Kiingereza cha Uingereza, huipiga kalamu nyekundu. Mimi naiacha, ilimradi mwanafunzi aendelee na Kiingereza cha Marekani mpaka mwisho wa insha. Si uharibifu wa vijana. Waingereza wenyewe waliitumia zamani, wahamiaji wakavuka nayo bahari, na huko kwao imebaki ndani ya "forgotten". Wamarekani wanaipa kazi maalumu: "I've got a car" ni nina gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari. Kwa Mwingereza, "I've got" inabeba yote mawili.

Kanuni yangu ya kuangalia kinachofuata inagoma mahali pamoja, nayo ni pale "get" inapoungana na vijineno kama "over", "by" na "away with". "Get over it" ni achana nalo, limekwisha. "We get by" ni tunasukuma maisha. "He got away with it" ni alifanya kosa na hakuna aliyemchukulia hatua. Hizo huwezi kuzikisia kutoka kwenye vipande vyake. Zikariri nzima nzima, kila moja na sentensi yake.