Masbate, kisiwa cha ng'ombe: yanayosemwa na yalivyo

Ukitaja Ufilipino, wengi huona minazi na mchanga mweupe. Ukitaja Masbate, hata Wafilipino wenyewe watakutajia vitu viwili: ng'ombe na bunduki. Kisiwa hiki kiko karibu na kitovu cha visiwa vya nchi hiyo, na mkoa wa Masbate unajumuisha pia visiwa vya Ticao na Burias. Makao makuu ya mkoa ni Masbate City, mji wa bandari wenye watu zaidi ya laki 1 kwa sensa ya 2020. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Aprili, mji huu hujaa kofia pana na buti kwa ajili ya tamasha la Rodeo Masbateño. Picha za tamasha hilo ndizo zinazosambaa mitandaoni, na nusu ya dhana potofu ninazozijibu hapa zimezaliwa nazo.

"Rodeo yao ni maigizo ya Texas ya kuwafurahisha watalii"

Kofia, sawa. Mikanda yenye bizimu kubwa, sawa. Mavazi yameigwa Marekani na hakuna anayeficha. Tamasha lenyewe si la kale pia, kwani lilianza 1993. Lakini acha mavazi, tazama kinachoshindaniwa: kumnasa ng'ombe kwa kamba ya kitanzi, ukiwa juu ya farasi au kwa miguu, kumwangusha ndama na kumfunga, kumpanda fahali. Hizo ni kazi ambazo mchungaji wa ranchi huzifanya anapotaka kumchanja mnyama, kumpiga chapa au kumpakia kwenye lori. Tamasha limeziongezea saa ya kuhesabu sekunde na watazamaji. Ng'ombe waliingizwa Ufilipino kwa wingi enzi za Wahispania, na neno rodeo lenyewe ni la Kihispania kabla halijawa la Texas.

Mchezo ambao mimi ningeusafiria ni carambola. Humo timu ya watu waliosimama chini kwa miguu yao huwakabili ng'ombe, ikawakamata na kuwadhibiti kwa kamba na misuli. Wapo wanawake wanaoshindana, na wapo wanafunzi wa vyuo wanaosomea mifugo.

Na kama umetoka Dodoma au Kajiado, ng'ombe wa Masbate hatakushangaza. Wengi wana damu ya Brahman, aina iliyozalishwa Marekani kutokana na ng'ombe wa India. Nundu begani, ngozi iliyolegea shingoni, uvumilivu wa jua na kupe: ni ndugu wa zebu wetu, ila amekwenda nyumbani kwa njia ndefu.

"Kisiwa cha ng'ombe, basi kila meza ina nyama"

Hapa ndipo wageni huchanganyikiwa. Ng'ombe wa Masbate ni fedha kabla ya kuwa kitoweo. Hupakiwa kwenye malori, malori huingia kwenye meli, na wanyama huuzwa Luzon, kisiwa kikuu chenye jiji la Manila, ambako wanunuzi ni wengi. Ukiingia kwa mama lishe wa mjini utakuta sufuria za samaki, ngisi na kaa, na wali usioisha. Ghuba ya Asid, upande wa kusini wa kisiwa, inasifika kwa samaki, kaa na chaza. Nyama ya ng'ombe ipo, lakini mtu aliyefunga safari akiwaza steki kila jioni atakuwa anakula ndoto zake.

"Ranchi ni mandhari tu, vilima vya kijani vya kupigia picha"

Vilima vipo, na ni vizuri kweli: nyasi hadi upeo wa macho, mti mmoja mmoja. Ila kila kilima kina mwenyewe, au kina kesi. Ufilipino ilipitisha sheria ya mageuzi ya ardhi mwaka 1988 ili mashamba makubwa yagawiwe wakulima wasio na ardhi. Swali likawa: ardhi ya malisho je? Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilisema ufugaji haumo katika mgawo huo. Mwaka 1993 wizara husika ikaja na agizo la kuwekea wafugaji kikomo cha hekta 1 kwa kila ng'ombe 1, kinachozidi kigawiwe. Kesi iliyoliangusha agizo hilo mwaka 2005 ilitoka papa hapa Masbate, kwa familia iliyokuwa ikifuga katika mji wa Aroroy, na mahakama ikasema wizara ilivuka mipaka ya Katiba. Kwa hiyo unapoona uzio mrefu usio na mtu, usidhani ni pori la bure. Omba ruhusa kabla ya kuuvuka.

"Usiende, utapigwa risasi"

Hii si dhana potofu yote, na sitaki kuifagia chini ya jamvi. Siasa za Masbate zimemwaga damu. Mbunge Moises Espinosa aliuawa mwaka 1989 kwenye uwanja wa ndege wa Masbate, na leo uwanja huo unaitwa kwa jina lake. Maana yake kila anayewasili kwa ndege hukanyaga historia hiyo kabla hajachukua begi. Mwanawe, aliyekuwa meya wa Masbate City, naye aliuawa mwaka 2001.

Kosa liko katika kuhamisha ugomvi huo hadi kwa mgeni. Kwa sehemu kubwa ulikuwa ni uhasama wa koo zinazogombea vyeo, na mtalii mwenye kamera hayumo katika hesabu zao. Jambo la pili ni waasi wa kikomunisti wa New People's Army, ambao kwa miongo mingi wamepambana na jeshi vijijini. Hapo raia wameumia: Juni 2021 bomu la kutegwa ardhini liliwaua mchezaji kandanda wa chuo kikuu na binamu yake waliokuwa wakiendesha baiskeli. Mjini, bandarini na uwanjani kwa rodeo maisha ni ya kawaida. Kwenda ndani ndani kwa baiskeli au pikipiki bila kuwauliza wenyeji ni jambo jingine kabisa. Uchaguzi mkuu nao hufanyika Mei kila baada ya miaka 3, na ujao ni wa 2028. Ukipenda utulivu, chagua mwaka mwingine.

"Masbate iko kanda ya Bicol, basi wanaongea Kibikol"

Ramani ya serikali inasema Bicol. Ndimi zinasema Visaya, yaani visiwa vya kati vya nchi. Lugha ya mji, Minasbate, iko kundi moja na Kihiligaynon na Kicebuano, na sokoni utazisikia hizo zote pamoja na Kitagalogi. Kiingereza kitakufikisha, na "salamat", yaani asante, inaeleweka kote.

"Mjini hakuna kitu, shuka melini uelekee Ticao"

Ticao inastahili. Katika mlango-bahari wake kuna Manta Bowl, wanakopita samaki wapana wakubwa waitwao taa, aina ya manta, na pengine papa potwe, yule yule anayewaleta wageni Mafia. Lakini mkondo ni mkali na kina si cha kubabaisha, kwa hiyo ni pa wazamiaji wenye uzoefu. Aliyejifunza kupiga mbizi juzi asidanganywe. Mji wa San Jacinto, kisiwani humo, ulikuwa kituo cha mwisho cha kuchota maji na chakula kwa merikebu za Kihispania zilizotoka Manila kwenda Acapulco, kabla hazijaikabili Pasifiki.

Mjini nako kuna fungu la mchanga la Buntod, hifadhi ya bahari unayoifikia kwa ngalawa ya injini, na njia ya mbao ya Pawa inayokatiza mikoko kwa zaidi ya kilomita 1. Inatosha siku nzima.

"Ni tropiki, bahari ni ile ile mwaka mzima"

Bahari hii ina misimu, na vimbunga huja hasa kati ya Juni na Desemba. Septemba 2025 kimbunga Bualoi, ambacho Wafilipino walikiita Opong, kiliiacha Masbate na majeraha makubwa. Onyo la kimbunga likitolewa, hata la ngazi ya 1, walinzi wa pwani husimamisha safari na bandari hufungwa, uwe na tiketi usiwe nayo. Miezi tulivu ni Machi hadi Mei, na rodeo ya Aprili imo humo. Kutoka bandari ya Pilar, mkoani Sorsogon upande wa Luzon, boti ya mwendo kasi huchukua takriban saa 2, na meli ya magari karibu maradufu. Ndege ya kurudi Manila ni takriban saa 1. Usiifunge siku moja na ndege yako ya kimataifa, na ukipanda meli ya magari usiegemee lori la kwanza unaloliona: huenda limebeba mafahali.