Tasnifu iko kabatini, makala iko wapi?

Anayesomea udaktari bingwa Tanzania hapati MMed, yaani shahada ya uzamili ya tiba, bila tasnifu. Miaka kadhaa ya wodi, zamu na mitihani, na humo humo atafute swali, aombe kibali cha maadili, ahoji wagonjwa, achambue takwimu. Kisha kitabu kinatiwa jalada, kinapelekwa maktaba, na mwenyewe anarudi kazini. Makala ya jarida? "Nitaandika nikitulia." Sisi tunaosimamia tasnifu tumeizoea kauli hiyo, na huko kutulia hakuji.

Wengi hudhani tiba yake ni semina nyingine ya takwimu. Sidhani. Aliyemaliza tasnifu ana ujuzi wa kutosha kuandika makala moja ya kawaida. Anachokosa ni muda, mtu wa kuisoma rasimu yake kwa ukali, na tarehe isiyosogezwa.

Ndiyo maana napenda muundo wa SORT IT, mafunzo ya kufanya na kuandika utafiti yaliyoanzishwa mwaka 2009 na The Union, shirika la kimataifa la kupambana na kifua kikuu, pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka, na sasa yanaratibiwa na TDR, mpango wa utafiti wa magonjwa ya kitropiki ulio chini ya WHO. Yana vipindi vitatu vya takriban wiki moja moja: pendekezo la utafiti, takwimu, kisha uandishi. Asiyewasilisha kazi ya kipindi kimoja kwa wakati haendelei na kinachofuata. Baada ya kipindi cha tatu ana wiki nne kutuma makala kwenye jarida. Kuhudhuria tu hakumpi mtu cheti.

Jambo jingine ni data. Mara nyingi hutumika zilizokwisha kuandikwa kwenye rejesta za kifua kikuu, kliniki za VVU au wodi ya wazazi, kwa hiyo hakuna kusubiri ufadhili. Kazi ipo, tena ya kuchosha: umri haukujazwa, namba ya mgonjwa imerudiwa, matokeo ya matibabu yameachwa wazi. Lakini hapo ndipo daktari kijana anapoijua kliniki yake kuliko alivyoijua akiwa kwenye foleni ya wagonjwa.

Nina tahadhari na hesabu za makala zinazotolewa kuonyesha kuwa mafunzo yanafaa. Wanaoomba mafunzo haya huwa na ari tangu awali. Ukiwalinganisha na wasioomba, sehemu ya tofauti ni ari hiyo, si mafunzo. Tena idadi inadanganya. Jina la mhitimu linaweza kuwa la tano kati ya waandishi kumi na wawili, au makala iko kwenye jarida la kitapeli linalochapa chochote kilicholipiwa.

Miradi mikubwa kama MEPI, mradi wa kuinua elimu ya udaktari Afrika ulioanza mwaka 2010 kwa fedha za Marekani na kukifikia KCMUCo, chuo kikuu cha tiba pale Moshi, nayo ningeipima hivyo hivyo. Nionyesheni nani katajwa kwanza kati ya waandishi, nani katajwa mwisho (nafasi ya kiongozi wa utafiti), na kama mhitimu aliandika makala ya pili fedha zilipokwisha.