Kipupwe si theluji: lini ukate kaktasi ya nguzo

Kipupwe ni kile kipindi cha baridi na ukavu, Juni hadi Agosti. Maana yake imeishia hapo. Taabu huanza neno hili linapobebeshwa majira ya nchi za theluji, kisha mtu wa Nyegezi au Ilemela, huku Mwanza, akashika kisu kukata kaktasi yake kwa kufuata ushauri uliotafsiriwa.

Ushauri wenyewe, huko ulikotoka, hauna kosa. Ulaya, kaktasi ndefu iliyosimama kama nguzo hukatwa Mei au Juni, wakati usiku haushuki tena chini ya nyuzijoto 10 na mmea umeshaamka. Novemba hadi Februari haiguswi: imelala, kidonda hakifungi, na unyevu ukikaa juu yake uozo unashuka katikati ya shina. Sasa mfasiri anafika kwenye majina. Majira ya theluji anayaita kipupwe, ya kuchipua masika, ya joto kiangazi, ya majani kupukutika vuli. Manne kwa manne, hesabu imelingana! Ushauri unatoka hivi: usipogoe kipupwe, pogoa masika. Ukiutii Mwanza, umefanya kinyume kabisa.

Masika ni mvua, Machi hadi Mei. Vuli nayo ni mvua, ile ya Oktoba hadi Desemba. Majira ya wenzetu yamegawanywa kwa joto na urefu wa mchana. Ya kwetu yamegawanywa kwa maji na upepo. Hata kiangazi, jina linalotokana na kuangaza, linataja mwanga na anga kavu, halitaji joto. Ndiyo maana mtu wa Mwanza huuita Julai kiangazi, wa pwani akauita kipupwe, na hakuna aliyekosea. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta: mchana wa Julai na wa Desemba unatofautiana kwa dakika chache, na baridi ya usiku wa Julai humalizwa na shuka nzito. Kaktasi hailali usingizi wa theluji hapa. Kinachoiua ni kidonda kibichi kukutana na mvua.

Kwa hiyo kipupwe ndicho wakati wake: katikati ya Juni hadi mapema Agosti, ili gamba la kidonda liwe limekomaa kabla mvua hazijarudi.

Kukata ni kazi fupi. Acha kumwagilia wiki moja kabla. Futa kisu kirefu kwa spiriti, kunja gazeti tabaka nyingi ulizungushie shina ulishike, na kata mara moja bila kusugua kama msumeno butu. Kama shina limekonda juu kwa kukosa jua, shuka ukate pale lilipo nene. Ukikata kwenye shingo nyembamba, tawi jipya litakaa juu ya shingo hiyo hiyo na upepo wa ziwani utaivunja. Kisiki kiachwe na mteremko ili maji yasituame. Kisha tazama lile duara la mishipa katikati. Likiwa jeupe au kijani hafifu, umemaliza. Likiwa na rangi ya kahawia au chungwa, uozo umeshapita hapo: futa kisu tena, shuka sentimita tatu, tazama upya, mpaka pawe safi. Nyunyiza unga wa salfa au wa mkaa. Usifunge kwa nailoni, usipake rangi; kidonda kinataka hewa.

Kilele hakirudi. Matawi mapya hutoka kwenye vifundo vya miiba chini kidogo ya mkato, moja hadi matatu, na kovu hubaki. Asiyetaka kovu asikate.

Pingili iliyokatwa isipungue sentimita 30. Chonga kingo za chini kama unavyochonga penseli butu, kwa sababu nyama hunywea inapokauka na katikati ikabaki juu. Isimamishe kivulini wiki tatu au nne. Ukiilaza, hupinda au huota mizizi ubavuni. Baadaye ipande kwenye mchanga mkavu, bila maji mpaka mizizi ianze.

(Kama mkato umetoa maziwa meupe, uliyokata si kaktasi, ni ndugu wa minyaa. Nawa kwa maji mengi haraka, na mikono isifike machoni.)

Basi ukikuta maelezo yanayosema ngoja masika, uliza kwanza yaliandikiwa wapi. Na yale majira ya theluji yaitwe tu majira ya baridi kali, ili kipupwe kiendelee kuwa Julai yetu.